Babu anasema jeshi "linakula, halilimi": ana hoja?

Swali: "Ninaishi Chang'ombe hapa Dodoma. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka, amepangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Makutupora kwa mujibu wa sheria. Baba yangu, mzee wa Mvumi, amekataa kumpa baraka. Anasema, 'Jeshi linakula, halilimi. Lilitumaliza.' Sasa mimi shuleni nilifundishwa kwamba Ugogo haujawahi kuwa uwanja wa vita, na vita vya Idi Amin vilikuwa Kagera huko mbali. Baba anazungumzia nini? Na je, ana hoja ya kumzuia mtoto?"

Jibu:

Mbukwenyi, dada yangu.

Nianze na hilo ulilofundishwa, maana lina ukweli nusu. Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalifika mkoani kwetu. Aprili 1916 kikosi cha Afrika Kusini kilichopigana upande wa Waingereza, kikiongozwa na Jenerali Van Deventer, kiliteremka kutoka upande wa Moshi kikaitwaa Kondoa Irangi. Usiku wa kuamkia Mei 10 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilijaribu kuwatimua, likashindwa. Julai 29 mwaka huohuo Dodoma nayo ikaangukia mikononi mwa Waingereza, pamoja na reli ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha hapa mwaka 1910. Hivyo ndivyo vita vya vitabuni. Nina hakika baba yako hazungumzii hivyo. Yeye anazungumzia Mtunya.

Mtunya ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Ukitaka kulielewa neno lenyewe, fikiria watu wanaogombania kitu kimoja, kila mmoja akivuta upande wake. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 hivi wa eneo hili, 30,000 walikufa. Mtu mmoja katika kila watano. Kama baba yako ana miaka themanini na kitu, basi mama yake mzazi au bibi yake aliyaona hayo kwa macho, na huenda yeye amelelewa na mikono iliyozika watoto kipindi kile. Ndiyo maana nasema, kabla hujamwambia mzee kwamba ulisoma tofauti, kaa umsikilize.

Lakini njaa si jambo geni Ugogo. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haitabiriki. Wazee wetu walijua hilo na walijipanga. Walilima uwele na mtama vinavyovumilia ukame. Ng'ombe walikuwa ndiyo benki: mwaka mbaya ulipokuja, mtu aliswaga wanyama wake hadi kwa majirani waliovuna akabadilishana na nafaka. Ng'ombe hawakukaa zizi moja. Wengine uliwaweka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au mvua ikikosa upande mmoja usibaki mikono mitupu. Ukame peke yake ungewaumiza, usingewaua watu kwa maelfu namna ile. Kwa hiyo lazima tuulize: hiyo benki ilikwenda wapi?

Hapo ndipo tunaingia kwenye neno la baba yako, kwamba jeshi linakula.

Mpagazi wa zama zile alibeba kama kilo 27. Yeye mwenyewe alihitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Piga hesabu: akitembea mwezi mmoja na mzigo wa chakula, ameumaliza wote, hakuna kilichomfikia askari. Na lazima arudi, kwa hiyo hata siku 15 tu za kwenda tayari ni hasara tupu. Farasi na ng'ombe wa kuvuta magari walikufa kwa ndorobo. Mvua za Aprili na Mei 1916 zilikata njia ya kutoka Moshi, wanajeshi wakabaki Kondoa na tumbo tupu. Wajerumani nao walipokuwa wanarudi nyuma walibomoa madaraja ya reli. Jeshi lililo katika hali hiyo, liwe la nani, lina njia moja tu ya kuishi: kula cha mwenyeji lilipo. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Walipoondoka, Waingereza wakaja wakachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Kijiji kilekile kilivunwa mara mbili na watu ambao hawakukilima.

Na mimi nadhani kuchukuliwa kwa vijana kuliumiza kuliko hata kuchukuliwa kwa ng'ombe. Wewe umekulia huku, unajua palizi ya Januari na Februari ilivyo. Shamba ambalo halikupata mikono wiki zile ni shamba la majani. Mwanaume aliyefungwa kamba mwezi Desemba akapelekwa kubeba mizigo hadi Iringa au Mahenge, hata angerudi salama, alirudi shamba likiwa limeshapotea. Wengi hawakurudi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki wanakadiriwa kuzidi 90,000, na zaidi ya risasi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na utapiamlo. Kisha mvua zikakosa, na mwishoni mwa 1918 ikaja ile homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia nzima. Benki ilikuwa imeshavunjwa. Watu wakasambaa, nyumba zikafungwa, kila mtu akigombania alichokiona.

Kuna jambo huwa nawaeleza wanafunzi wangu, na naona lafaa hapa. Kabla ya wakoloni, misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo, na watemi waliwatoza hongo. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru halali: vitambaa, shanga, waya, ndipo msafara uruhusiwe kuteka maji na kununua chakula. Wasafiri walilalamika sana lakini walilipa, kwa sababu watu mia tano wenye kiu hawawezi kubishana na mwenye kisima. Mwaka 1889 Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi Mpwapwa, baadaye wakawa na boma Kilimatinde, na mpango ule ukafa. Mpitaji mwenye bunduki halipi. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilifika huku ikiwa kambi ya jeshi kwanza, utawala wa karatasi ukafuata baadaye. Neno hongo tumebaki nalo, limechafuka. Na neno posho, ambalo lilikuwa kipimo cha nafaka alichopewa mpagazi au askari kwa siku, leo tunalisikia kwenye semina na vikao vya jiji hili bila kukumbuka mgongo uliolibeba.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa baada ya Mtunya, alikuwa na vilindo viwili vya uwele, yaani vyombo vya kuhifadhia nafaka. Kimoja kilikuwa mahali pa kawaida ndani ya tembe, mgeni akiingia anakiona. Kingine, kidogo, kilikuwa nyuma ya mahali pa mbuzi, kimefunikwa na takataka. Nikiwa mtoto nilimuuliza anamficha nani. Akanijibu, "Wale wanaokuja kuhesabu." Serikali ilikuwa yetu tayari, uhuru ulishapatikana, lakini mtu yeyote mwenye kalamu na daftari aliyefika kijijini kwake alimkuta bibi na kilindo kimoja tu. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Unaposoma kwamba vita vilikwisha Novemba 1918, kumbuka kile kilindo cha pili, kwa sababu kilikuwepo hadi bibi anafariki.

Na si nyumba moja moja tu iliyobadilika. Baada ya Mtunya, watu wasio na ng'ombe hawakuwa na njia ya kulipa kodi isipokuwa kwenda kuuza nguvu zao, wengi kwenye mashamba ya mkonge. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, waliikuta jamii iliyokuwa imepoteza watu na mifugo. Watemi wengi wadogo wa Ugogo, ambao uzito wao ulitokana na mvua na ardhi, wakapangwa chini ya machifu wachache wanaokusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Vita vya Pili vilipokuja, mpango huohuo ulitumika: wapo waliokwenda na KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, hadi Burma kupigana na Wajapani, na wapo walioshikwa kwa lazima kwenda kwenye mkonge, kwa sababu Japani ilikuwa imeshika mashamba ya Asia na Uingereza ilihitaji kamba na mpira.

Vita hivyo vya pili vilituachia Kongwa. Wenyeji wa Dodoma wengi wanaijua Kongwa kwa ranchi na mnada, basi. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula uliotokana na vita, ikaamua kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Mradi ule uliendeshwa kama vita. Wafanyakazi wengi wa Kizungu walikuwa wanajeshi waliotoka kazini, matrekta yalikuwa mabaki ya jeshi, na vifaru vingine viligeuzwa kuwa matrekta. Waliamini ardhi inashindwa kwa mashambulizi. Mwenyeji yeyote angewaambia kwamba udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa sementi, na kwamba mwaka mmoja katika kadhaa mvua haiji kabisa. Mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Mtu mmoja wa Mvumi mwenye jembe alijua kuliko jeshi zima la mabwana shamba, na hakuulizwa.

Lakini majengo yalibaki, na mwaka 1964 wakaingia watu wengine. Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji walitangulia, kisha SWAPO wa Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Chris Hani, aliyekuja kuwa kiongozi wa wapiganaji wa ANC, amekaa Kongwa. Kwa hiyo wilaya yetu hii kame ililea majeshi ambayo viongozi wake baadaye waliingia katika serikali za nchi tano. Hayo husemwa kwenye hotuba. Kisichosemwa sana ni kwamba vijana wale walikuwa na miaka ishirini na kitu, walikaa miaka, wakapenda, wakaoa au wakaishi na wasichana wa pale, wakazaa. Kisha siku moja lori lilikuja usiku likawapeleka mahali ambapo hawakuruhusiwa kupataja. Wengine walifia mbele. Wapo watu Kongwa leo, wazima wenye wajukuu, ambao wanajua tu kwamba baba yao alikuwa mpigania uhuru, na jina walilonalo ni jina la vita, si jina alilopewa na wazazi wake. Mimi naliheshimu sana deni lile la ukombozi, na ninasema wazi kwamba sehemu ya gharama yake ililipwa na wanawake wa Kongwa ambao hawapo kwenye picha yoyote.

Sasa tuje kwenye JKT. Hapa nadhani baba yako, pamoja na heshima zote, anapima jeshi la leo kwa kipimo cha jeshi lililomwibia mama yake.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, na wazo lake lilikuwa karibu kinyume cha lile jeshi la 1916: vijana wafunzwe ukakamavu, lakini walime, wajenge, wazalishe. Miezi sita baadaye, Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi Dar es Salaam, uasi ukafika hadi Tabora, na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza kuuzima. Jeshi lile la kurithi likavunjwa. JWTZ iliyozaliwa Septemba 1, 1964 ilichukua watu kupitia umoja wa vijana wa TANU, na kwa miaka mingi jeshi lenyewe lilihesabiwa kama mkoa wa chama, hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na wanajeshi wakatakiwa kuchagua sare au kadi. Ndivyo nchi hii ilivyojaribu kuhakikisha kwamba mwenye bunduki ni ndugu wa mwenye jembe. Majirani zetu kadhaa hawakufanikiwa katika hilo, na wewe umekua bila kuamshwa na redio inayopiga muziki wa kijeshi. Usilione dogo.

Swali la nani anakula halikuisha, hata hivyo. Mwaka 1966 serikali ilipowalazimu wasomi kwenda JKT, sharti lilikuwa miezi mitano ya kambi, kisha miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Walihoji kwa nini wao wakatwe wakati wakubwa wanakula vizuri. Mwalimu alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu 400. Lakini palepale alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi ningependa kila mzazi ajue sehemu zote mbili za kisa hiki, kwa sababu watu husimulia ile ya kufukuzwa wakaacha ile ya kukatwa mshahara.

Kagera unaiona mbali, na kwa kilomita ni kweli. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Katika miezi hiyo jeshi lilipanuka kwa kuingiza maelfu ya mgambo kutoka vijijini, malori ya watu binafsi yakachukuliwa, na wananchi wakatoa ng'ombe na nafaka. Baba yangu alitoa dume moja. Aliombwa kwenye mkutano wa kijiji, jina likaandikwa, akapigiwa makofi. Hiyo ni tofauti kubwa na 1916, na yeye alijivunia dume lile hadi uzeeni. Ingawa nakiri, katika mkutano wa kijiji wa mwaka ule, mwenye zizi aliyekaa kimya asingelala kwa amani.

Baada ya ushindi Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tuliifunga miaka. Vita viliigharimu nchi fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo. Juu yake kulikuwa na bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na ukame. Kama ulikuwa mtoto miaka ya themanini mwanzoni, unakumbuka unga wa yanga (wa mahindi ya njano), foleni ya sabuni na mchakamchaka wa asubuhi shuleni tukimwimba Amin. Na Dodoma yenyewe ililipa kwa namna ambayo watu hawaioni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, ukiwa umepangiwa miaka kumi. Fedha zilikauka. Serikali ilikuja kuhamia kweli baada ya tamko la 2016. Barabara unazopita leo kwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kwa sehemu, ziliungua Kagera zikangoja miaka thelathini na kitu.

Kuhusu binti, basi. Mafunzo ya mujibu yalisitishwa mwaka 1994 yakarudi 2013, na ni ya miezi michache, si vita. Atakimbia alfajiri, atashika jembe, atajifunza kwata na silaha, atalala bwenini na wasichana kutoka Mara na Mtwara ambao hawajui mlenda. Makutupora ni jirani, ndiko yanakotoka maji ya bomba unayokunywa hapo Chang'ombe. Mimi ningemruhusu, na kwa kuwa ni sheria, ningemruhusu kwa moyo mweupe kuliko kwa kununa. Kama ana pumu, ujauzito au tatizo lolote la kiafya, asifiche. Aseme siku ya kuripoti na abebe karatasi za daktari, kwa sababu nimewahi kuona kijana akiumia kwa kuona aibu ya kusema. Akitendewa lisilo haki huko, ajue kwamba anaruhusiwa kusema, na wewe mzazi unaruhusiwa kuuliza.

Lakini asiondoke bila kwenda Mvumi. Mwambie asiende kumbishia babu. Aende na daftari amuulize: ng'ombe wenu walichukuliwa na nani, Mdachi au Mwingereza? Nani katika ukoo alibeba mizigo akapotea? Hapa Dodoma kuna makaburi ya wanajeshi wa vita ile, mawe yamepangwa, majani yamekatwa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia kwa makumi ya maelfu waliofia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu hawakuandikwa jina popote, ikaomba radhi. Pale Dar es Salaam kuna sanamu ya askari ya mwaka 1927 inayowataja wapagazi kwa jumla, na Kariakoo imebeba jina la kikosi chao. Majina yao yenyewe yapo vichwani mwa wazee kama baba yako, nao wanapungua kila masika.

Aandike jina la mtu, la baba yake, kijiji alikochukuliwa, na kama inajulikana, msimu: wakati wa kupanda, wa palizi au wa kuvuna. Chini aandike nani aliyesimulia na tarehe. Nakala moja ibaki kwa babu.